Maswali ya Wasomaji: Barua Tatu za Safari Moja ya Msituni, na Nyingine za Ruba, Siafu na Homa

Wasomaji wangu hamjambo. Mwezi huu imetokea kitu ambacho hakijawahi kutokea kwenye ukurasa huu, nimepata barua tatu kutoka kwa watu watatu tofauti, kumbe wote walikuwa safari moja, loji moja iliyo ng'ambo ya mto katikati ya msitu wa mvua, na wote wanazungumzia jioni ile ile mwenzao mmoja alipopotea. Kila mmoja aliandika kivyake bila kujua wenzie wameandika. Nimewapigia wote watatu, wamekubali nizichape pamoja bila majina, na nawashukuru kwa hilo kwa sababu ukiisoma moja unapata hasira, ukizisoma zote tatu unapata picha.

*Shikamoo anti. Mimi ndo niliyeandaa safari ya kikundi chetu, watu kumi na wanne, nikakusanya michango, nikabuki loji, nikatafuta boti, kila kitu mimi. Siku ya kwenda mvua ilitukamata njiani, barabara ikawa tope tupu gari likazama mpaka ekseli tukashuka wote kusukuma, tumefika gatini giza linaingia na nahodha akagoma kabisa kutuvusha anasema mto umejaa. Sasa mvua saa hiyo ilikuwa imeshakatika muda mrefu! Tukalala kwenye banda la gatini tumekalia mabegi. Kesho yake tukavuka, jioni tukaenda kutembea na muongozaji, dada mmoja akapotea kama saa nzima. Tangu turudi kwenye grupu la WhatsApp mimi ndo mbaya, wengine wanataka nirudishe hela ya usiku ule tuliolala gatini. Nahodha hakutuonea? Na hiyo hela natakiwa kulipa mimi? — Mratibu*

Marahaba mwanangu, na pole, maana kuandaa safari ya watu kumi na wanne ni kazi ambayo ukiifanya vizuri hakuna anayeiona.

Nahodha hakuwaonea hata kidogo. Mto haujai kwa mvua ya pale uliposimama, unajaa kwa mvua iliyonyesha huko juu unakotoka, inaweza ikawa mbali sana, na maji yakachukua masaa kufika mlipo, ndo maana mnaona mbingu safi halafu maji yanapanda. Dalili unaziona ukitulia, maji yanabadilika rangi yanakuwa ya tope, yanabeba majani na vijiti, baadaye magogo. Hayo magogo ndo hatari yenyewe, mengine yanaelea yamezama nusu, mchana nahodha anayaona na kuyakwepa, usiku anayakuta yameshagonga boti au yamevunja pangaboi la injini, na boti isiyo na injini kwenye mto uliojaa inakwenda inakopelekwa. Nahodha anayekataa abiria kumi na wanne na nauli yao mkononi ni mtu wa kumshika mkono na kumshukuru.

Kuhusu hela, soma mlichokubaliana na loji. Loji nyingi usiku ukishabuki na hukutokea kwa sababu ya barabara, chumba kilishawekwa kwa ajili yako na hela haitoki, lakini wengine wakielezwa wanakusogezea siku au wanapunguza kitu, kwa hiyo waandikie kwa upole kabla hujaanza kujilipisha mwenyewe. Wewe kama wewe hudaiwi, hukuleta mvua. Pale ninapokushika ni kwenye ratiba. Safari ya kwenda msitu wa mvua inapangwa ufike gatini saa nane mchana, ikichelewa sana saa tisa, ili hata gari likikwama masaa mawili bado mna mwanga wa kuvuka. Karibu na ikweta jua linazama kwenye saa kumi na mbili na giza linashuka haraka, hakuna yale magharibi marefu, na ndani ya miti giza linatangulia hata kabla ya hapo. Halafu michango mkusanye na akiba kidogo juu, muiite ya dharura tangu siku ya kwanza na kila mtu ajue ipo, usiku kama ule wa gatini unalipiwa humo na ugomvi unaishia hapo.

Sasa barua ya pili, ya aliyepotea mwenyewe.

*Anti habari za kazi. Mi ndo yule dada niliyepotea msituni, najua umeshasikia. Buti langu la mpira lilinasa kwenye tope, mguu ukatoka buti likabaki, nikainama kulivuta, nilivyoinuka wenzangu siwaoni. Nikasema nitawakuta tu hapo mbele, nikakaza mwendo, njia ikagawanyika mbili nikafuata iliyoonekana imekanyagwa sana, kumbe ni ya wanyama, ikapotelea kwenye vichaka. Nikaita mpaka sauti ikakauka. Simu haina mtandao, ramani kwenye simu inanionyesha niko katikati ya mto! Mwisho nikakaa chini kwenye mizizi ya mti mkubwa nikalia, baadaye nikasikia filimbi ya muongozaji. Sasa wananiita mtoto mdogo, wananitumia stika za mtu aliyepotea, wanasema nilikuwa najipiga picha. Sikuwa najipiga picha anti. Nilitakiwa kufanya nini? — Wa Buti*

Mdogo wangu, ulichofanya mwisho ndo kilichokuokoa, ulikaa. Wangapi hawakai! Mtu akishajua amepotea miguu inapata wazimu, anakimbia, na kila hatua anayopiga anaongeza eneo ambalo watu wanatakiwa kumtafuta. Ungeendelea kufuata vichaka muongozaji angekupata kesho yake au asingekupata.

Nataka wanaokucheka waelewe msitu wa mvua unavyofanya kazi, maana asiyeingia anadhani ni kama shamba lenye miti mingi. Paa la majani kule juu linazuia mwanga, unaofika chini kwenye ardhi ni kama asilimia 2 tu, kwa hiyo mtu aliyevaa nguo za kijani au za udongo akiwa hatua kumi mbele anayeyuka machoni. Sauti nayo inamezwa na majani, na kukiwa na kijito karibu au matone yanadondoka ndo kabisa, unaita kwa nguvu zako zote na mtu aliye upande wa pili wa bonde hasikii kitu. Simu inatafuta setilaiti kupitia majani yaliyoloa, alama yako inaruka huku na huku, ndo maana ikakuweka mtoni. Hukuwa mzembe, ulikuwa mtu mmoja asiye na buti kwenye mahali ambapo sekunde thelathini zinatosha kupoteza watu wote.

Siku nyingine, na natamani iwepo siku nyingine, fanya hivi. Buti likinasa usiiname kwanza, paza sauti kwanza, "simameni", halafu ndo uvute buti. Ukiinuka huwaoni, kaa pale pale ulipo kwenye njia, usijaribu hata hatua ya kuwawahi, kwa sababu watarudi na njia ile ile na watakukuta. Vaa filimbi shingoni, sio kwenye begi, shingoni, na upulize mara tatu, unapumzika kusikiliza, mara tatu tena, tatu inajulikana karibu kila mahali kuwa ni kuomba msaada na filimbi haikauki koo. Kitambaa cha rangi kali, chungwa au njano, funga kwenye tawi la njiani. Koti la mvua livae mapema kabla hujaloa, usiku wa msituni mtu aliyeloa anatetemeka hata kwenye nchi za joto.

Najua kuna atakayesema mbona yule binti wa Peru alitembea akatoka. Anamsema Juliane Koepcke, alikuwa na miaka 17, ndege waliyopanda na mama yake ilipigwa radi na kupasuka angani tarehe 24 Desemba 1971, watu 92 ndani, akaanguka msituni akiwa bado amefungwa kwenye kiti na ndo peke yake aliyetoka hai. Alitembea siku kama 11 akifuata kijito mpaka akakuta mashua na kibanda cha wakata miti, nao ndo wakamtoa. Ni kweli alifuata maji. Lakini wazazi wake walikuwa watafiti wa wanyama, alishaishi nao kwenye kituo chao msituni kule kule Peru, baba yake alishamfundisha kwamba maji yanakwenda kwa watu, na zaidi ya hapo alikuwa anasikia ndege za waokoaji zinapita juu lakini hazimwoni chini ya majani. Alijua hapatikani. Wewe ulikuwa na muongozaji dakika chache mbele yako anayeijua njia, mtu aliye kwenye hali kama yako anakaa.

Stika waambie waache. Mtu aliyekaa peke yake giza linaingia hajui kama atarudiwa hachekwi wiki ile ile.

Barua ya tatu.

*Anti mimi nilikuwa kwenye safari hiyo ya kina Mratibu. Kuna kitu kinanikera na sijui nikiseme vipi. Nilikuwa kati kati ya msafara, nikageuka nyuma nikamuona dada ameinama anavuta buti lake, na kaka mmoja aliyekuwa nyuma yake akampita, akamwambia kitu kama "twende dada", akaendelea. Baada ya hapo nyuma ya dada hakukuwa na mtu. Yule kaka amekaa kimya mpaka leo na kwenye grupu anacheka na wenzake. Nimseme? — Niliyeona*

Jibu la hii nililituma kwa mwenyewe kabla ya gazeti kutoka, halikuwa jambo la kungoja, na nilimwambia hivi: usiandike kwenye grupu, mtafute kaka mwenyewe, mwambie nilikuona, na mwambie dada anaumia. Akafanya hivyo. Kaka alikuwa hajui kabisa kwamba yeye ndo alikuwa wa mwisho, aligeuka akaona njia tupu akadhani bado kuna watu kwenye kona. Ameshaongea na dada, na wote wawili wamekubali haya yachapwe.

Na hapo ndo nataka nikae kidogo. Nimesoma barua zote tatu mara nyingi natafuta sentensi moja tu, nani alipewa kazi ya kuwa wa mwisho. Haipo. Mratibu ameandika habari ya boti, chumba, michango, dada ameandika buti, shahidi ameandika aliyempita, hakuna hata mmoja aliyeandika "fulani alikuwa anafunga mkia". Watu kumi na wanne nyuma ya muongozaji mmoja kwenye njia ya mtu mmoja mmoja, aliye mbele kabisa anaangalia nyoka na matawi, hawezi kuona nyuma. Kazi isiyo na mwenyewe kila mtu anaipita, kama yule kaka alivyompita dada, tena kwa neno zuri tu la "twende".

Kwa hiyo kabla hamjakanyaga njia mchagueni mfunga mkia kwa jina. Awe mtu mtulivu, asiwe na haraka ya kuona tumbili kabla ya wengine, awe na filimbi na tochi ya pili, na sheria yake ni moja, hampiti mtu yeyote. Mtu akisimama kufunga kamba naye anasimama, akisimama anapuliza filimbi mara moja na msafara wote unasimama. Kila njia panda mnahesabiana, mwenye mwendo mdogo anawekwa pale mbele nyuma ya muongozaji ili mwendo wake uwe ndo mwendo wa wote. Waongozaji wazuri wanafanya haya bila kuombwa, wenu hakufanya, na watu kumi na wanne kwa muongozaji mmoja ni wengi mno, hilo Mratibu uliseme kwa loji kwa maandishi, safari ijayo mgawanywe makundi mawili na muongozaji kila kundi.

Haya, tuendelee na barua nyingine, hizi za watu wengine kabisa.

*Anti, tulilala loji ya msituni usiku wa manane tukasikia mtu anakabwa. Yaani anakoroma halafu anapiga ukelele, anaanza pole pole anapandisha mpaka damu inaganda. Wanawake kwa wanaume tulihamia chumba kimoja. Asubuhi wahudumu wanacheka tu. Ilikuwa nini?*

Kama ilikuwa misitu ya Afrika, karibu hakika ni perere. Kamnyama ka manyoya, ukubwa kama sungura, kanakaa mtini na kanaamka usiku, ni ndugu wa pimbi wa kwenye mawe, anapiga kelele kuwatangazia wenzie hapa ni kwangu. Hana madhara na nyinyi hata kidogo. Kule Amerika ya Kati na Kusini kazi hiyo wanaifanya kima wanaonguruma, sauti yao inafika kilomita kama 5, wageni wengi wanadhani ni chui yuko chini ya kitanda. Ushauri wangu ni mdogo, jioni ya kwanza muulizeni muongozaji awaambie usiku huwa mnasikia nini hapa, mkishajua jina la anayelia mnalala.

*Siafu waliingia chumbani kwetu usiku, mwenzangu akaanza kuwapiga na ndala na kuwamwagia maji, wakatupanda wote. Tulitakiwa tufanyeje?*

Mtoke. Chukueni watoto, taa, viatu mvikung'ute, mtoke mmuite mhudumu. Siafu wakiwa kwenye msafara wa kuwinda hawakufuati wewe, wanafuata mende, buibui, mijusi, wanapita chumba kizima wakimaliza wanaondoka, wengine wanaamka asubuhi wanakuta chumba kimesafishwa kuliko kilivyokuwa. Ukiwapiga ndo wanamwagika kila upande. Wakishakupanda toka kwenye msafara wao kwanza hatua kadhaa, halafu vua nguo bila aibu na uwabandue mmoja mmoja, wanang'ang'ania kwa meno.

*Tunakwenda kisiwa cha Borneo, ule upande wa Malaysia, na mama mkwe wangu na ndugu wa mume. Mama anaogopa ruba kuliko kitu chochote. Nimtulize vipi, au nimuache?*

Usimuache, atakwenda na atafurahi. Ruba wa Borneo hawakai majini tu, wanakaa kwenye majani ya chini na kwenye njia yenyewe, wanasimama wanapepesuka wakinusa joto na pumzi yako, halafu wanapanda buti. Mnunulie mama soksi za ruba, ni za kitambaa kilichofumwa kwa kubana, zinavaliwa juu ya suruali mpaka gotini na kufungwa kwa kamba, ruba anatembea juu yake hapati pa kupenya mpaka unamuona na kumpukuta. Kila mkisimama mkaguane, wewe unamuangalia yeye nyuma ya shingo na kiuno, yeye anakuangalia wewe.

Ruba akimpata mama, usimchome ruba na kiberiti wala kumwagia chumvi, anaweza kutapika ndani ya kidonda. Tafuta upande mwembamba ndo mdomo, pitisha ukucha pale chini sambamba na ngozi, anaachia, halafu haraka upande wa pili, mrushe. Mwambie mama mapema kwamba damu itachelewa kukatika, ruba ana dawa mateni mwake inayozuia damu kuganda, kwa hiyo akiona inachuruzika asidhani anakufa. Osha kwa sabuni, kandamiza na kitambaa safi, weka plasta, basi.

Na cheti cha homa ya manjano, kama mnatokea nchi yenye ugonjwa huo Malaysia watakidai. Chanjo inaanza kuhesabika siku ya 10 tangu uchomwe, kwa hiyo msichome wiki ya safari, ila tangu Julai 2016 cheti kinatambulika maisha yote, kama mama ana cha zamani mwambie akitafute kabla hajachomwa tena.

*Mwanangu wa miaka tisa alimpa tumbili biskuti pale kwenye kibaraza cha loji, tumbili akamkwaruza mkono na kidogo kumng'ata. Watu wa loji wakapaka spiriti wakasema kawaida tu. Ni juzi. Kidonda kinapona vizuri.*

Mama, kupona kwa kidonda hakunitulizi. Mnyama yeyote wa jamii ya wanaonyonyesha anayeng'ata anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, tumbili pia, hata akionekana mzima. Kilichotakiwa pale pale ni kuosha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, mtoto alie asilie, halafu hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Juzi hujachelewa, ila mpeleke sasa hivi ukimaliza kusoma, osha tena kabla ya kutoka, na usingoje dalili kwa sababu ugonjwa huu dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona. Na loji inayowaachia wageni walishe tumbili kibarazani inawafundisha kupora, waandikie, mtoto anayefuata anaweza kuwa mdogo zaidi.

*Tumerudi kutoka msituni kama wiki mbili hivi. Tangu jana nina homa na kichwa, viungo vinauma, nadhani ni uchovu wa safari maana sikulala vizuri na ile boti ilinitikisa sana. Dawa za malaria nilimeza tulipokuwa kule, nikaacha tuliporudi maana mbu hawapo tena. Ninywe tu za maumivu?*

Hapana. Homa baada ya kutoka msituni ni malaria mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Vimelea ukishaumwa na mbu vinakaa kwanza kwenye ini kimya, dalili zinakuja baada ya wiki moja na kuendelea, wengi ni siku 10 mpaka 15, wengine hata miezi, kwa hiyo wiki mbili ni wakati wake kabisa na huo uchovu wa boti usingekuja jana. Ndo sababu ile dawa haiachwi siku ya kurudi, nyingine inamezwa siku 7 zaidi, nyingine wiki 4, kutegemea umepewa ipi, inamsubiri mdudu atoke kwenye ini. Nenda ukapime leo, sio kesho asubuhi, na mwambie daktari kabla hajakuuliza kwamba ulikuwa msituni, wapi na lini, na kwamba dawa uliikatisha. Kipimo cha kwanza kikisema hakuna na homa ipo, rudi kapime tena ndani ya siku moja au mbili. Wapigie na wenzako mliolala chumba kimoja, wale waliokuwa na chandarua kile kile chenye tundu.